Kidole cha Kantini

Mwanangu Hawa,

Sitakuuliza hujambo, kwa sababu umelala chumba cha pili na nakusikia ukikoroma kama baba yako. Wala sitakuambia mimi ni mzima. Mimi nina hasira, na hasira yenyewe inakuhusu, kwa hiyo afadhali uipate kwa maandishi, uisome ukiwa umeshavuka mpaka wa Busia, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Mambo ya soksi, neti ya mbu na kutokula vya barabarani nimemwachia mama yako mdogo Nafula, ambaye ameyarudia tangu alipofika kukuaga mpaka sauti imemkauka. Mimi nina jambo moja tu, lakini siwezi kulisema kwa sentensi moja.

Unakwenda Nairobi kusomea dini na ugomvi wa watu. Ndivyo ninavyowaambia majirani hapa Namuwongo, maana jina lenyewe la kozi sijawahi kulimaliza bila kukosea. Mihadhara, halafu ziara. Leo mnaketi kusikia kwa nini watu wa dini hii waliwaua watu wa dini ile, kesho mnapanda basi kwenda kuona walipowaulia. Sina ubaya na hilo. Ningekuwa na ubaya nisingekaa juani nikiuza masufuria na sigiri miaka yote hii ili wewe usome. Hasira yangu ilianza Jumamosi ile, kwenye sherehe ya kufunga kozi yenu fupi ya hapa Kampala.

Uliponialika nilifurahi. Nilivaa gomesi yangu ya zambarau, ile ya arusi za watu, nikaketi safu ya pili. Wenzako wakasimama mmoja mmoja kueleza walichokiona kwenye ziara zenu. Mmoja alieleza msikiti, mwingine kanisa la kilimani. Yule kijana mrefu alieleza kambi za watu waliokimbia vita kule kaskazini, akasema amemwona bibi kizee ambaye "amesamehe". Nilitaka kumuuliza amejuaje. Bibi kizee akikunyamazia haina maana amesamehe, pengine amechoka na maswali yako na anataka uondoke akachambue maharage.

Halafu ukasimama wewe. Ukaandika ubaoni: ISHARA MOJA, IMANI MBILI. Ukageuka, ukasema, "Baba yangu alipokuwa anakufa, aliinua kidole."

Hawa! Mbele ya watu! Watu ambao hawajui hata alikuwa anapenda chai ya namna gani!

Ulisimulia vizuri, hilo sikunyimi. Ulisema mchungaji aliona mkono umeinuliwa, akajua mgonjwa amempokea Yesu, maana kwa walokole anayetaka kuokoka huinua mkono. Ukasema baba yako mdogo Swalehe aliona kidole cha shahada, akajua ndugu yake anakufa Mwislamu, maana Mwislamu akifika mwisho huinua kidole kimoja kumshuhudia Mungu mmoja. Ulijua pa kushusha sauti na pa kutua. Ukumbi ukaguna. Mama aliyekuwa kando yangu akanipa tishu. Nikaipokea kwa adabu, lakini sikuwa nalia, nilikuwa nauma meno.

Na yule mwalimu wenu mwenye ndevu nyeupe akasimama, akasema, "Jamani, hapa hatuhitaji kitabu. Nyumba ya Hawa yenyewe ni kitabu." Mkapiga makofi.

Baadaye akanifuata nje, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama Hawa, asante kwa kutulelea msichana. Muhula wa pili tunarudi Kampala na darasa zima. Tungependa kufika kwako, tuketi, utusimulie kwa mdomo wako mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone."

Kabla sijafungua mdomo, wewe ukadakia: "Nimeshamwambia hakuna shida, Mama."

Hakuna shida! Nani alikuambia hakuna shida? Mimi si mgonjwa wa kuponywa na basi la wanafunzi. Umeahidi nyumba yangu bila kuniuliza, ukaahidi na kinywa changu, ukamweka mume wangu ubaoni kwa chaki. Tangu siku hiyo umeniona nimenyamaza ukadhani ni huzuni ya kuagana.

Sasa nisikilize. Nitakuambia habari za huyo mtu wa ubaoni, kwa sababu ulikuwa mdogo alipokufa na nyingi huzijui.

Nilikutana na Rajabu hapa Kampala, kwenye mtaa wa mafundi wa Katwe. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha, na mimi nilikuwa nimetoka Kimilili kuja kutafuta biashara, msichana mwenye mdomo na Kiswahili changu cha Kenya. Niliingia kwa fundi mmoja anayegonga masufuria, nikamwuliza bei kwa Kiswahili. Fundi akaweka nyundo chini. Na wa jirani akaweka nyundo chini. Nikasimama pale, pametulia, sijui nimekosa nini. Sikujua kwamba kwa wale watu Kiswahili kilikuwa lugha ya waliokuja kugonga milango usiku, wakasema fungua, wakaondoka na mume wa mtu. Mimi niliuliza bei ya sufuria, wao wakasikia kitu kingine kabisa.

Ndipo askari mmoja mrefu, mweusi, akaja kutoka ng'ambo ya barabara. Nikadhani mambo yameharibika zaidi, maana yeye alikuwa mtu wa West Nile, walikotoka wengi wa wagonga milango wale, na siku zile mtu wa West Nile ndani ya sare Kampala alikuwa anatazamwa kama nyoka aliyerudi ndani ya nyumba. Akamwambia fundi taratibu, akianza kwa neno la heshima la Kiganda, "Ssebo, usiogopa. Kiswahili ya huyu ni ya soko, si ya bunduki." Fundi akanitazama, akacheka. Akaninyima punguzo, lakini aliniuzia.

Huyo ndiye baba yako. Siku ya kwanza nilimpenda kwa sababu alieleza nilichomaanisha. Ukitaka kumpeleka ubaoni, ungeanza hapo.

Babu yako alipopata habari aliniuliza swali moja tu: "Nekesa, wanaume wote hawa, umekosa hata Mkatoliki?" Sikurudi Kimilili tena mpaka alipokufa. Na mimi nikiwa na ukaidi wangu nikaapa kwamba nitamwonyesha: nitaishi na Mwislamu, na Mwislamu huyo nitamwokoa.

Basi nikamwandama mume wangu kwa wokovu. Nilikuvalisha gauni la Jumapili kabla hajaamka. Yeye akakupeleka madrasa Jumamosi ukiwa na mtandio. Ulikuwa unajua nyimbo za huku na sura za kule, na sisi wawili tulikuhesabia, nani amekufundisha zaidi. Watu wa kambi ya polisi ya Naguru, tulikokuwa tunaishi, walikuwa wanacheka: "Mutoto wa Rajabu ataingia mbinguni na milango mbili." Tulichekelea na sisi. Sasa nikikumbuka naona tulikuwa tunakuvuta mikono kama nguo inayokamuliwa.

Kuna mafuta ya maombi niliyoyapata kwa Mchungaji Kato wa kanisa langu. Nikawa nayapaka kwenye mto wa baba yako kila alipokuwa zamu. Wiki nzima. Siku moja nikamkuta uani anafua foronya mwenyewe, askari mzima, na sabuni ya kipande. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama Hawa, huyu mto natoka jasho sana. Labda yeye nataka kuokoka." Nikataka ardhi ipasuke. Hakulitaja tena. Alikuwa mtu wa hivyo, anakuacha na aibu yako, uimalize mwenyewe.

Usidhani tuligombana kwa ajili ya Mungu. Kwa Mungu tulioneana haya. Tuligombana kwa ajili ya kidole.

Unakikumbuka? Kantini ya polisi ilikuwa na kelele, hakuna aliyesikika. Askari akitaka kinywaji aliinua kidole kimoja, kimoja tu, akakishikilia juu mpaka kikombe kifike mbele yake. Ukikishusha mapema mhudumu anakuruka. Baba yako alikuja na desturi hiyo nyumbani kwangu. Anaketi, anatazama gazeti, kidole kinapanda. Hasemi maji. Hasemi tafadhali. Kidole kinasimama hapo, na hakishuki mpaka kikombe kifike. Kikifika, anakishusha, anagonga meza mara moja, basi, ndiyo asante.

Mimi nilichukia! "Rajabu, hapa si kantini na mimi si kuruti wako! Una mdomo!" Anacheka, kidole bado kiko juu. Nilikuwa tayari kumwacha akishikilie mpaka mkono uingie ganzi. Na wewe, msaliti mdogo, ndiye uliyekuwa unakimbia na kikombe chako cha plastiki cha kijani. Ulikiita "kidole cha kantini". Ulijivunia kwamba wewe unakiona kabla yangu. Mimi nilikuwa nakiona vizuri sana, nilikuwa nakataa tu.

Sasa rudi ubaoni kwako. Soma tena ulichoandika, "ishara moja, imani mbili". Umeona kilichokosekana? Au mpaka nikuandikie?

Haya, nitakuandikia.

Alipougua, niliogopa. Daktari alikuwa ameshaacha kuniambia lini atatoka hospitalini. Nikamkimbilia Mchungaji Kato, kwa sababu niliona nafasi yangu inaisha: miaka yote nimempaka mtu mafuta, na sasa anaondoka hajaokoka, na babu yako atakuwa ameshinda. Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa akilini mwangu. Mume wangu anakufa na mimi nashindana na baba yangu. Na Swalehe naye alikuwa ameshapanda basi kutoka kwao Arua, kwa sababu alimwogopa mlokole mimi kuliko alivyouogopa ugonjwa. Wakakutana kitandani saa ya kuona wagonjwa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wewe ulikuwa miguuni mwa kitanda, na chupa ya maji na kikombe chako cha kijani, kwa sababu hukukubali kukiacha nyumbani.

Mchungaji anaomba kwa sauti. Swalehe anasoma kwenye sikio. Mimi katikati nasema Amina, maana Amina ni ya wote, na nilitumaini kila mmoja angeichukua kuwa yake. Ndipo kidole kikapanda.

"Ameinua mukono!" Mchungaji Kato akapaza sauti. "Haleluya! Rajabu amekubari! Amekubari Bwana!"

"Allahu Akbar!" akasema Swalehe. "Hii ni shahada! Nyinyi nyote nashuhudia!"

Na wewe ukasema, "Mama, Baba nataka maji."

Ulisema hivyo. Kwa Kiswahili chako cha kambi, ambacho "nataka" yake ni "anataka". Nilikusikia vizuri kabisa. Nikageuka nikakwambia, "Nyamaza, watu wanaomba."

Hawa, kila mtu aliyekuwa pale alikuwa na dini ya kukisomea kile kidole. Mimi peke yangu, mkewe, nilikuwa nimekigombania kile kidole mezani kwangu mwaka hadi mwaka. Unaniuliza nilijua? Kuna siku najiambia sikujua, nilichanganyikiwa. Kuna siku nasema nilijua na nilitaka kuwe na mkono wa wokovu kwa nguvu. Siku zote mbili nakasirika vilevile, kwa hiyo nimeacha kuchagua.

Wale wanaume wakaanza kubishana juu ya mgonjwa, kisha nesi akawatoa wakabishanie ukumbini. Na mimi wakanivuta nje kama shahidi. "Mama Hawa, wewe umeona!" "Shemeji, sema ukweri, umeona!" Nikasema sijui. Hapo ndipo wote wawili waliponigeukia. Mchungaji akasema imani yangu ni ya vuguvugu. Swalehe akaninyooshea mkono usoni: "Wewe mwanamuke, umefanya nini ndugu yangu? Umemufanya nini?"

Yaliyofuata unayajua, umeyatolea mada. Alikata roho jioni ile, na kesho yake Mchungaji akafika Naguru na kwaya na jeneza, Swalehe akafika na sheikh na sanda. Maiti ikakaa ndani, wao wakakaa uani. Wazee husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini baba yako aliionja kabla hajafika kaburini. Mkubwa wa kambi akaja akaniuliza mbele ya wote, "Mama, aliokoka au hakuokoka? Sema tumalize." Nami nilikuwa nimechoka, nikasema, "Mzikeni mnavyotaka." Nikaingia ndani. Mpaka leo sijui nilipata wapi ulimi wa kusema vile kuhusu mtu wangu. Swalehe akamchukua, kwa kuwa sheikh wake alikuwa na sauti kubwa kuliko kwaya. Sikwenda makaburini, wanawake hawakwenda. Nilisikia tu gari likiondoka.

Tangu hapo hadithi ilipata miguu. Mchungaji Kato alihubiri miaka na miaka habari za askari aliyeinua mkono dakika ya mwisho. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi siku moja akaihubiri, hata hakuniangalia. Swalehe naye kule kwao anasimulia ndugu aliyekufa na shahada kidoleni, na watu wanamwonea wivu kifo kile. Kila mmoja amejijengea kitu juu ya kidole cha mume wangu. Niliwavumilia, maana hawakuijua kantini.

Lakini wewe? Wewe uliyekuwa na kikombe? Wa tatu kuja kuwa wewe, na chaki?

Hiyo ndiyo hasira niliyokaa nayo tangu Jumamosi. Nilisema moyoni: mtoto huyu amesomeshwa mpaka amesahau macho yake. Amesikia mihadhara ikisema kuna imani mbili zinazogongana, akatupa la tatu kwa sababu haliingii kwenye mbili. Nikasema atakwenda huko Nairobi, watampakia kwenye basi, atashuka mahali palipouawa watu, mzee atamtazama na kuinua kidole, naye atafungua daftari aandike "ishara", na mzee ana kiu. Niliogopa hivyo. Bado naogopa hivyo, na hilo ndilo neno langu la pekee kwako kuhusu masomo yako: ukimwona mtu, kabla hujamsoma, muulize anataka nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na jibu langu kwenye chupa ya mafuta.

Nilitaka kuishia hapo, nitie sahihi, nilale. Lakini jana kuna jambo lilitokea jikoni, na wewe hukulijua.

Nafula alikuomba maji. Ukamimina, ukaweka kikombe mezani, ukarudi nyuma hatua. Ulipotoka, Nafula akanikasirikia mimi. "Dada, huyu mtoto wako mbona hampi mtu kikombe mkononi? Ndiyo adabu gani hiyo ya Uganda? Tangu nimefika ananiwekea mezani kama ninaambukiza."

Nilitaka kukutetea, nikaacha. Kwa sababu ni kweli. Kwa mgeni, kwangu mwenyewe, hata kwa mtoto wa jirani, unaweka mezani na unarudi nyuma. Nimeishi na wewe muda wote huu nimeona ni mwendo wako tu, kama watu wengine wanavyotembea na kichwa upande. Nikaketi kwenye kigoda. Nafula akaniuliza kama presha imepanda.

Nilikumbuka niliporudi wodini kutoka ukumbini, siku ile ya kidole. Umesahau, au umejifanya kusahau, au ndicho kitu cha pekee unachokumbuka. Wale wanaume walikuwa bado wanabishana. Nikaingia peke yangu. Ulikuwa umepanda juu ya kitanda, umepiga magoti kando ya baba yako, kikombe cha kijani kiko mkononi mwako na ni kitupu. Kidevu chake kilikuwa kimelowa, na shuka limelowa, na foronya. Anahema kwa shida. Nami nikakupigia kelele. Nilikwambia neno lilelile nililotoka kuambiwa mimi dakika ile, nikakukabidhi bila hata kulifuta jasho: "Umemfanya nini? Umemfanya nini baba yako?"

Ukashuka. Ukaweka kikombe juu ya kabati dogo, ukarudi nyuma hatua. Jioni akafa.

Mama gani huyu ambaye hakuunganisha mambo hayo mpaka dada yake alipoomba maji! Nimekuwa nikidhani umeacha sehemu hiyo kwa sababu ya elimu. Nimekaa nakununia wiki nzima kwa sababu hiyo. Na wewe pengine umeiacha kwa sababu tangu darasa la tatu unaamini ulimkaba baba yako kwa maji, na ukaona ni afadhali kuzungumzia imani mbili, za watu wazima, ambazo hazikuhusu. Kama ndivyo, basi hasira yote hii niliyoimwaga kurasa hizi niichote mwenyewe niinywe.

Sijui kama ndivyo. Nisingependa kukusoma kama walivyomsoma yeye. Kwa hiyo nakuuliza, na utanijibu ukifika, kwa simu au kwa barua: ndivyo?

Kuhusu mwalimu wako na basi lake. Jibu langu lilikuwa hapana, na nilikuwa nimeshalipangia maneno mabaya. Sasa nasema hivi. Nyumba yangu si kituo cha ziara, na mimi sitakaa kwenye kiti nitazamwe. Lakini siku utakayoweza kuisimulia yote, na kikombe kikiwa ndani yake, na neno nililokwambia likiwa ndani yake bila kulipunguza makali, lete basi zima. Nitawafungulia. Nitaketi nyuma, na gomesi yangu, nikusikilize wewe. Mpaka siku hiyo usimtaje baba yako kwa watu. Na mwambie mzee wa ndevu kwamba mwenyeji hataki kupona kwa kutazamwa.

Sina baraka za maneno mengi. Babu yako alininyima zake, kwa hiyo sikujifunza zinavyotolewa. Asubuhi nitakumiminia chai. Nitakupa mkononi, wala sitakuachia nafasi ya kunionyesha meza. Na utakapofika kule, mtu akikuomba maji, mpe mkononi.

Kuna kitu kimoja sijakiandika, na ndicho kilichofanya nichukue kalamu. Nilipoingia wodini siku ile nikakupigia kelele, nilikuwa nakutazama wewe na shuka lililolowa. Lakini macho huona hata yasipotaka, na jana kwenye kigoda yalinirudishia.

Kidole kilikuwa kimeshuka, Hawa. Mkono ulikuwa juu ya blanketi. Na kabla hujashuka kitandani, aligonga ubao wa kitanda mara moja.

Mama yako,
Nekesa